Kitambaa Kilicholala

Tarehe 3, mwezi wa pili

Profesa Kaptura,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya cherehani mbili, pasi moja na paka asiye na kazi maalumu, natangaza kifo cha sindano yangu ya kufumia, ile ya kulabu, namba nne. Kifo kilitokea Jumanne saa nne asubuhi, ghafla, baada ya marehemu kukaliwa na mteja aliyekuja kupunguziwa gauni. Mteja hajambo. Gauni halikupunguzwa, tumekubaliana kuliongeza. Marehemu ameacha madonge kumi na moja ya uzi na kazi uliyoniletea wewe, ambayo nilikuwa sijaianza.

Basi usiniulize mbona kimya. Nilikuwa na msiba. Sasa nimepata sindano nyingine, ila bado ni ngeni mkononi, kama kijiko cha nyumba ya watu.

Bahasha yako ilifika. Kurasa tatu za namba, hakuna salamu, hakuna hujambo. "Mzunguko wa 1: vitanzi 6. Mzunguko wa 2: ongeza 6." Mtu akiiokota njiani atadhani ni dozi ya ng'ombe. Nimetazama ukurasa wa kwanza tu, mizunguko thelathini, kisha nikaufunika kwa heshima. Swali langu ni dogo: hiki ni nini? Ni kofia? Ni kitambaa cha kochi? Kama ni cha kochi, ni kochi la nani, na huyo nani ana hali gani nyumbani? Usinifiche. Nakufahamu tangu utoto, hadi siku ulipokwenda kujiandikisha chuoni umevaa kaptura kwa sababu suruali yako ilikuwa bado haijashuka kwenye cherehani yangu. Jina hilo utazeeka nalo.

Na usinipigie simu. Masikio yamestaafu kabisa. La kushoto lilitangulia, la kulia likalifuata bila kuaga. Mambo ya kuandika kwenye kioo cha simu nayo sitaki. Vidole vyangu vikigusa kioo vinasema maneno ambayo mimi sikuyasema. Andika kwenye karatasi, kwa mwandiko wa mtu, si wa daktari.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 11, mwezi wa pili

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Pole sana kwa msiba. Nilimfahamu marehemu. Ndiye aliyenifumia lile sweta la darasa la tano, lenye mkono mmoja mfupi. Nililalamika, ukachukua futi ukanipima, kumbe mkono wangu ndio mfupi. Hadi leo nikivaa shati la dukani naona kwamba ulikuwa sahihi.

Umeuliza hiki ni nini. Nitakueleza nusu, na nusu nyingine nitakuficha kwa makusudi.

Fikiria karai la maji lenye matundu mawili chini, moja kulia na moja kushoto, na maji yanazunguka humo. Ukidondosha chembe ya unga, mwishowe itatokea tundu la kulia au la kushoto. Kati ya chembe za kulia na za kushoto kuna mpaka, na mpaka huo ni kama pazia jembamba lililosimama ndani ya maji, jembamba kuliko kitambaa chochote ulichowahi kukata. Chembe inayoanzia juu ya pazia hilo haitoki juu yake kamwe. Inateleza humo humo, polepole, kuelekea nukta moja katikati, bila kuangukia tundu lolote. Kwenye vitabu uso kama huo una jina refu. Mimi nauita tandazo, na ile nukta naiita tandiko, kwa sababu imekaa kama tandiko la punda: mbele na nyuma panapanda, kulia na kushoto panashuka.

Kwa miaka tisa nimekuwa nikithibitisha kwa kalamu jambo moja tu: tandazo hilo linachukua umbo gani kadiri linavyokwenda mbali na katikati. Umbo lenyewe sikuambii. Kisha nikaiagiza mashine ya chuo ikokotoe tandazo hilo hilo kwa njia nyingine kabisa, duara baada ya duara kuanzia katikati, na igeuze kila duara kuwa hesabu ya vitanzi. Hizo ndizo kurasa tatu. Mimi sijazisoma, Dada. Zilipotoka nilizilaza kifudifudi nikazitia kwenye bahasha. Nikizisoma nitaanza kuzitetea. Nataka shahidi asiyeijua kesi, na mkono ninaouamini kuliko wangu.

Kwa hiyo fuata namba. Ukiona ajabu, fuata. Usipoona ajabu, fuata.

Kamati ya ajira inakaa tarehe 20 ya mwezi wa nne. Nafasi ya kudumu ni moja. Mimi ni mwalimu wa muda mwaka wa tisa sasa, na safari hii mkataba ukiisha hawauongezi; nitatoka kwenye nyumba ya chuo na kwenye hesabu pia, maana hakuna duka linalouza matandazo. Sijui wanaoomba nafasi hii ni kina nani. Kila ninayekutana naye kwenye korido namwona mshindani. Jana nilimkazia macho fundi bomba.

Mdogo wako


Tarehe 2, mwezi wa tatu

Kaptura,

Nimekuelewa, na nimeudhika kwamba imekuchukua miaka tisa. Pazia lako ni mshono wa bega. Tone la mvua likidondokea mbele ya mshono linashuka kifuani. Likidondokea nyuma linashuka mgongoni. Likidondokea juu ya mshono wenyewe linatembea nao, halijui liende wapi, hadi mkono unapoanzia. Tatizo ni kwamba tone halijui kulenga. Unywele mmoja pembeni, tayari liko mgongoni na halirudi. Mimi na wewe tulidondokea bega moja, tukashukia pande mbili, wewe shule na mimi cherehani. Hilo tusilizungumze leo.

Kazi imekwisha. Nimekifunga kitambaa kwenye gazeti, nimekipeleka posta mwenyewe, na mhudumu wa pale amekipiga muhuri kama aliyetumwa kukiua.

Yule mteja wa gauni alikuja nikiwa katikati ya kazi. Akakitazama kitambaa mapajani kwangu, akasogeza mdomo karibu na jicho langu, maana watu wanadhani kiziwi huona midomo kwa kunusa, akasema, "Siku hizi unafuma kabichi?" Nikamjibu, "Ndiyo, na wewe ulikikalia kisu chake." Hakucheka. Alitazama mikono yangu kwa huruma, kama watu wanavyotazama nyumba iliyoinama. Tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu zaidi.

Mashine yako nadhani haijawahi kufuma kitu maishani mwake. Lakini usiwe na wasiwasi. Kimetoka vizuri. Kimetulia, ukingo wake ukiuwekea sahani juu huoni tofauti. Hutaaibika nacho mbele ya wakubwa.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 15, mwezi wa tatu

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Kitambaa kimefika salama.

Nilifunga mlango wa ofisi, ile ninayoshiriki na mwalimu wa takwimu na ndoo ya kukingia maji ya paa. Nikakifungua, nikakitandaza mezani. Kikalala. Nikadhani meza ndiyo mbaya, nikakihamishia kwenye meza ya mwenzangu. Kikalala. Nikakikung'uta, nikakirusha juu kidogo, kikashuka kikalala tena, kimya, kama mtu aliyelipwa alale. Mwalimu wa takwimu akainua kichwa. "Kizuri," akasema. "Kinakwenda na pazia."

Sasa naweza kukueleza ile nusu niliyoficha. Nilithibitisha kwamba tandazo likienda mbali na katikati, ukingo wake unakua haraka kuliko nafasi ya kuupokea. Haliwezi kutandikika. Ni lazima lijikunje, lifanye mawimbi, na mawimbi yaongezeke juu ya mawimbi bila kukoma. Hilo ndilo neno langu lote, Dada. Miaka tisa. Kitambaa hiki kilipaswa kikatae kulala kwenye meza yoyote duniani.

Niambie jambo moja tu, na samahani kwa kuuliza. Ulifuata kila namba?

Naona haya kuandika swali hilo. Ningeweza kuhesabu vitanzi vya ukingo, lakini sina namba za kulinganisha, na mashine ina foleni ya wiki sita. Na hata ningekuwa nazo. Mtu aliyenipima mkono akakuta mkono ndio mfupi, mimi ni nani nimhesabie vitanzi? Kama umefuata, basi kitambaa kinasema kweli, na kosa liko kwangu. Afadhali nijue kabla ya tarehe 20 kuliko baada yake.

Mdogo wako


Tarehe 24, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Hapa mvua imenyesha siku mbili. Paka amepata mafua, au anajifanya. Kuna sare za shule arobaini za kushona, zote za watoto ambao mama zao wanasema "ataongezeka tu," kwa hiyo nashona magunia.

Nilifuata kila namba.

Hiyo sindano mpya pia haina kosa, nimeizoea. Uzi ulikuwa ule ule. Taa ya dukani nimebadilisha. Sijui mashine za siku hizi zinafanyaje kazi, labda waulize wenye mashine. Kula vizuri. Usikae na njaa kwa ajili ya karatasi.

Dada yako


Tarehe 5, mwezi wa nne

Dada Mkubwa,

Shikamoo, na asante kwa jibu. Ndilo nililohitaji.

Nimeurudia ukurasa wa kumi na moja wa uthibitisho wangu mara nane. Siku zote nilikuwa na mashaka nao, kama mtu anayejua ni ubao gani wa sakafu unalia. Mara saba ulikuwa sawa. Mara ya nane nikaona tundu. Sasa silioni tena, lakini nilishaliona, na kitambaa kiko hapa kimelala kinanitazama.

Juzi nimeiandikia kamati kwamba nauondoa uthibitisho. Tarehe 20 nitakwenda hata hivyo, kwa kuwa mwito ni mwito, nisimame mbele yao niseme kwamba nilikosea, halafu nirudi nikafunge vitabu. Nimeshaanza. Maboksi manne. Kuna shule moja ya msingi wanahitaji mwalimu wa hesabu wa darasa la nne, nimewaambia nitawajibu baada ya tarehe hiyo.

Lakini sikuandiki kwa ajili hiyo. Kuna jambo ambalo nikilala nalo haliniachi, na nadhani ndilo lililoniponza.

Kwenye fomu ya maombi kulikuwa na mstari unaouliza, "Kielelezo kimetengenezwa na nani?" Hii ilikuwa mwezi wa kwanza, kabla hata sijakutumia namba. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Niliwaza wale watu watano, na miwani yao, wakisoma: dada yangu, fundi cherehani. Nikaandika: "Mwombaji mwenyewe." Mimi, nisiyeweza hata kurudisha kifungo.

Na si mara ya kwanza. Unaikumbuka siku ya wazazi, nilipokuwa darasa la saba? Ulikuja na shati langu jeupe mkononi kwa sababu la mwilini lilikuwa limechanika. Uliacha kazi ukatembea na jua lote lile. Mwenzangu akaniuliza, "Yule nani?" Nikasema, "Ni fundi wetu." Ulikuwa hatua tatu kutoka hapo, umeinama, unakata uzi wa kifungo kwa meno. Nimejiambia miaka yote hii kwamba hukusikia.

Umenitumia kazi ya kweli, nami nimeiandikisha kwa uongo. Kama kitambaa kimenikataa, kina haki.

Mdogo wako


Tarehe 14, mwezi wa nne

Kaptura, mdogo wangu,

Keti kwanza. Kama kuna kitu juu ya kiti, kitoe.

Sikufuata kila namba. Nilifuata thelathini, zilizobaki nikazitupa.

Mizunguko thelathini ya kwanza mashine yako ilisema ongeza sita, ongeza sita, kama mtu mwenye akili zake. Kila anayefuma anajua hilo. Ukiongeza sita kila mzunguko, kitambaa kinalala. Ukiongeza pungufu, unapata kofia. Ukizidisha, unapata aibu. Mzunguko wa thelathini na moja mashine ikasema saba. Uliofuata nane. Kisha tisa. Nikavumilia hadi wa thelathini na nane, kitambaa kikaanza kujinyonganyonga mapajani kwangu kama kitu kinachoumwa tumbo, na hapo ndipo yule wa gauni alipoingia na habari zake za kabichi.

Nikasema moyoni, huyu mtoto amekosea tena. Ndiyo, tena. Ulikuwa ukikosea. Ukishalala nilikuwa nafungua daftari lako na kusahihisha hesabu kwa kalamu yako mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshatolewa shule, lakini namba hazikuwa na habari. Asubuhi unabeba daftari, mchana unarudi na alama zote, unaruka. Sikukuambia hata siku moja. Basi nikafanya vile vile. Nikafumua kurudi hadi wa thelathini, nikaongeza sita, sita, sita mpaka mwisho, nikakunyooshea kazi yako bila kukuambia.

Huo ni ukweli, lakini ni ule wa kuvaa nje. Wa ndani ni huu. Masikio yameondoka. Nilipoona kitambaa kinajikunja, sikuwaza mashine wala hesabu zako. Niliwaza kwamba sasa ni zamu ya mikono. Nilitaka kitu kimoja kitoke dukani kwangu kikiwa kimenyooka, nikione mwenyewe kimenyooka. Uliniambia nikiona ajabu nifuate. Niliiona, nikaipiga pasi.

Halafu ukauliza, na swali lenyewe ukalifunga kwa sifa, mara mkono mfupi, mara wewe ni nani unihesabie. Ukiwekwa juu kiasi hicho kushuka ni kazi. Niliandika "nilifuata kila namba" katikati ya mvua na paka, uone kama maneno ya kawaida. Kisha kila asubuhi nikasubiri barua ya kusema umehesabu ukingo ukakuta vitanzi 360. Sita mara sitini, mizunguko sitini. Mtu wa hesabu angekaa nayo kidogo tu angeinusa. Hukuhesabu. Siku mbili nzima nilikukasirikia wewe kwa kuniamini. Ona mtu alipofikia.

Kwenye kifurushi hiki kuna kurasa zako tatu, na kitambaa cha pili. Nimekifuma siku tano, sare za watu nimeziweka kando, namba zote, hadi mzunguko wa sitini unaosema ongeza thelathini na sita kama aliyelewa. Ukingo una vitanzi 825. Nimevihesabu mara mbili. Na wewe vihesabu, nakuomba. Usiniamini tena bure, itatuua.

Hakilali. Nimekiweka kwenye meza ya kukatia, nikakipiga pasi. Nikakilazia cherehani juu. Nikiiondoa kinanyanyuka. Kina mawimbi, na mawimbi yana watoto. Paka hataki kukikaribia. Ni kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kufuma, na kila kitanzi ni sahihi. Uthibitisho wako ni mzima. Aliyetoboka ni mimi. Hilo tundu la mara ya nane nimelitoboa mimi kwa sindano, kutoka huku.

Nimekituma kwa basi la mizigo. Dereva ameapa utakipata kabla ya tarehe 20. Nimemkumbusha mara nne. Alikuwa anajibu kwa sauti ya juu sana, nikaona kwenye mishipa ya shingo.

Kuhusu fomu, usijisumbue kwa ajili yangu. Kama ungeniandika mimi, leo ningekuwa nimewadanganya watu watano wenye miwani kwa jina langu kamili. Uliniokoa, ingawa hukukusudia na wala sikushukuru.

Kuhusu siku ya wazazi, nilisikia. Masikio yalikuwa bado kazini. Haukuwa uongo, mimi ni fundi wenu. Ule uzi niliokuwa nakata kwa meno sikuutema. Niliutafuna njia nzima hadi nyumbani.

Dada yako


Tarehe 24, mwezi wa nne

Dada Mkubwa,

Shikamoo.

Kifurushi kilifika tarehe 20 yenyewe, saa mbili asubuhi. Dereva alikileta mkononi mpaka mlangoni, akisema amechoka kuota uso wako. Barua niliisoma nimesimama. Kisha nikaketi kwenye benchi nje ya chumba cha kamati, nikahesabu kama ulivyoagiza. 825. Nilikuwa nahesabu kwa midomo, katibu wa kamati akapita akadhani nasali, akapunguza mwendo kwa heshima.

Nilipoitwa niliingia nimebeba karatasi, kurasa tatu, na kitambaa. Chumba ni kidogo: meza ndefu, watu wanne, viti vichache. Nikakiweka kitambaa juu ya kiti kimoja ili nipange karatasi. Mwenyekiti wao akaingia amechelewa, akisalimia huku na huku. Akaketi.

Dada, nilishindwa kusema. Unamwambiaje mtu aliyeshika maisha yako ainuke? Nikaanza kuzungumza. Nilizungumza dakika hamsini. Niliwaambia kwamba uthibitisho niliouondoa naurudisha. Mmoja wao, mzee mwembamba, akasema, "Barua yako ya kuuondoa tuliipata. Tulikuwa bado hatujaelewa unaondoa nini." Sikujua kama anatania. Hadi sasa sijui.

Kisha mama mmoja wa mwisho wa meza, ambaye hakuwa amefungua mdomo, akauliza, "Kielelezo kiko wapi?"

Nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti amekikalia."

Akainuka haraka. Kitambaa kilikuwa bapa. Kimelala kabisa, kama cha kwanza. Nilikiweka katikati ya meza, wote wakakitazama, nami nikawaza jinsi ambavyo ungejisikia. Halafu ukingo mmoja ukanyanyuka kidogo. Ukafuata wa pili. Kikaanza kuinuka chenyewe, wimbi baada ya wimbi, polepole, kama mtu anayeamka na kukumbuka alipo. Yule mzee mwembamba akakibonyeza kwa kidole. Kikarudi. Akakibonyeza tena upande wa pili, kikarudi. Alikibonyeza mpaka mwenyekiti akamwambia, "Mwalimu, basi."

Yule mama akafungua faili. "Umekifuma vizuri," akasema.

"Sikukifuma mimi."

"Fomu inasema mwombaji mwenyewe."

"Fomu inasema uongo. Amekifuma dada yangu. Ni fundi cherehani." Nilisema dada yangu kwanza, Dada, na fundi baadaye. Nakuandikia kwa sababu hukuwepo kusikia, na ungekuwepo usingesikia, na hilo nalo sijui niliweke wapi.

Akauliza kama kuna jingine ambalo fomu inasema vibaya. Nikawaeleza na cha kwanza, kile kilicholala, na kwamba nilikuwa tayari kutupa miaka tisa kuliko kuhesabu ukingo mmoja. Akaandika kitu kirefu. Nilijaribu kukisoma kichwa chini nikashindwa. Nilitoka nikiwa na uhakika kwamba uthibitisho umepona na mimi nimekwisha.

Kuhusu madaftari yangu ya shule, sijakusamehe. Nimeanza kuzitilia shaka alama zangu zote hadi chuo, na nikifumba macho naona kalamu yangu inakwenda yenyewe. Kitambaa cha kwanza sitakifumua, usiniombe. Kiko juu ya meza yangu. Mwalimu wa takwimu alikuwa sahihi, kinakwenda na pazia, na kila nikikitazama nakumbuka kwamba uliniona nimekosea ukaniokoa, na kwamba sikuwa nimekosea.

Majibu yametoka jana. Nimepata nafasi. Nilikwenda mbio kwa katibu kumuuliza ni nini kilichowashawishi: ule uthibitisho, kitambaa, au kule kusema kweli. Alifungua jalada la maombi, akaligeuzia kwangu.

Nafasi ilitangazwa miezi mitano. Mwombaji alikuwa mmoja.

Mdogo wako,
Kaptura